Alipamba Nyumba za Watu, Akalazwa Nje

Dada wa stendi za mishumaa amekufa. Habari hiyo niliipata nikiwa nimesimama pale pale alipokuwa akitandika gunia lake katika soko la Busia, mtoto wangu mgongoni, malimau mawili kwenye mfuko kwa sababu alikuwa ameniambia nije nayo, na mbele yangu mwanamume ametandika soksi. Nilimuuliza yule mwanamume mwenye mahali hapa ameenda wapi. Akaniambia, "Madam, mimi nimepewa hii nafasi juzi. Soksi za mtoto hutaki?" Ni mama anayeuza ndala pale kando aliyenivuta mkono. "Kwani wewe hujasikia? Dada alienda. Ni presha. Alianguka akitoka kuuza Malaba, akafika hospitali hajui mtu." Nikamuuliza mbona hawakunipigia simu hata mmoja wao. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Tungekupigia kwa namba gani? Sisi tunakujua tu kama mama wa mtoto wa kulia." Ndivyo ilivyo. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikikaa kwenye gunia la yule mwanamke, nikila mahindi yake, nikimwambia mambo ambayo sijamwambia hata mama yangu, na siku ya kufa kwake mimi sikuwa mtu wa kuambiwa.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mnamjua, hata kama hamjui sura yake. Kila nilipoandika kuhusu kupamba chumba bila pesa nikasema "dada mmoja wa sokoni ameniambia", alikuwa ni yeye. Yule wa kusugua shaba kwa majivu na limau mpaka ing'ae ni yeye. Yule wa kutoa nta iliyoganda kwa maji ya moto badala ya kisu ni yeye. Yule aliyewaambia muache kutafuta stendi mbili zinazofanana, kwamba zile za peke yake ndizo huuzwa rahisi na ndizo hupendeza zikikaa pamoja, ndefu nyuma, fupi mbele, kwenye sinia kuukuu, na kioo nyuma yake ili mshumaa mmoja uonekane miwili, huyo huyo. Jina lake silitaji. Nyinyi mlimpenda bila jina, na mimi nina hasira nyingi sana wiki hii, nikianza kutaja majina sitaishia kwake.

Mara ya kwanza nilipomkuta nilikuwa natafuta sufuria ya mitumba. Mtoto alikuwa na miezi michache na baba yake alikuwa ameshajua kuzima simu. Nilikuwa nimehamia chumba kimoja cha mabati, sakafu ya simenti, msumari mmoja ukutani alioacha mpangaji wa kwanza, na kwenye msumari huo nilikuwa nimetundika kila kitu changu. Dada akaniona napita, akainua stendi ya kioo ya rangi ya chai, ameishika shingo kama kuku. "Mama wa mtoto, chukua hii." Nikamwambia mimi natafuta kitu cha kupikia, hiyo nitaipeleka wapi, nina chumba kimoja. "Kwani mtu akiwa na chumba kimoja hana macho?" Nikamwambia, na nilisema kwa ukali maana siku hizo sikuwa na sauti nyingine, kwamba mimi nitapamba nikiwa na kwangu. Aliweka ile stendi chini, akafuta vumbi kwenye magoti, akaniuliza, "Na hapo unalala ni kwa nani?" Nilinunua sufuria, nikaondoka, nikakasirika njia yote hadi nyumbani. Kesho yake nilirudi kuchukua ile ya rangi ya chai.

Kwa msomaji asiyejua biashara hii, hivi vinara vya mishumaa, ambavyo sisi sokoni tunaviita stendi, huja ndani ya beli, yaani marobota ya vyombo vya nyumbani kutoka ng'ambo. Mwenye beli anataka sahani, vikombe na vyungu, vitu vinavyotoka siku hiyo hiyo. Stendi hutupwa pembeni kwa sababu hakuna anayejua ni za nini, na dada ndiye aliyekuwa akipita kuziokota. Huku kwetu mshumaa ukihitajika, stima, yaani umeme, ikipotea, mtu huuyeyusha chini ukashika kwenye kifuniko cha chupa, basi. Kwa hivyo kazi yake ya kwanza haikuwa kuuza, ilikuwa kueleza. Jumatano na Ijumaa alikuwa akienda Malaba, akitembea kando ya msururu wa malori na begi lake begani, akipiga kelele, "Stendi! Stendi ya nyumba! Boss, usirudi kwa mama mikono mitupu!" Madereva wamekaa foleni siku kadhaa wakingojea karatasi za forodha, mataniboi, wasaidizi wao, wamelala chini ya trela, na yeye anaimba kuhusu stendi za mezani. Walimcheka. Halafu walinunua, kwa sababu mtu aliyekaa barabarani wiki tatu akila vumbi hukumbuka kwa ghafla kwamba ana mke.

Siku moja nilikuwa naye kule Malaba. Dereva mmoja mnene, mkubwa kama mlango, alishuka kutoka kwenye lori akaja moja kwa moja. "Mama! Wewe ndiye uliniuzia ile kitu ya chuma, iko na msumari katikati?" Dada akasema ndiyo, ni ya mshumaa mnene, unauchomeka pale kwenye ncha usianguke. Dereva akashika kiuno. "Ya mshumaa? Mke wangu amekamulia ndimu miezi mitatu! Ameonyesha mpaka mama mkwe. Ameniambia nimletee ingine ya dada yake!" Mataniboi walicheka mpaka mmoja akashika gurudumu. Mimi nilidhani dada atamweleza vizuri, ampe mshumaa, amsahihishe. Aliinama kwenye begi, akatafuta, akatoa ingine yenye ncha, akamwambia, "Mpelekee. Mwambie shemeji hii ni ya machungwa." Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza mbona amemwacha mtu na makosa. Akasema, "Nyumba yake iko na kitu anakionyesha wageni. Mimi nitaenda kumharibia kwa nini?" Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakutaka nyumba ya mtu ifanane na picha. Alitaka mtu aipende.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba yake, maana niliiingia mara moja tu na yeye hakuwepo. Mama wa ndala ndiye aliyekuwa na habari. Ndugu yake dada alikuwa ameshakuja na pikipiki akachukua kitanda, godoro na redio, akamwambia mwenye ploti, yule aliyempangisha chumba, zile takataka nyingine watupe. Tukaenda haraka kabla hazijatupwa. Ni chumba kama changu, mabati matupu, lakini sijawahi kuona mabati yamevaa hivyo. Kwenye ukuta mmoja alikuwa amepanga vipande vya vioo, vya pikipiki, vya kabati lililovunjika, cha kujipodolea, na mbele ya kila kipande rafu ya ubao wa kreti yenye stendi moja. Shaba, kioo, udongo, ile ya buluu iliyovunjika mdomo ambayo alikataa kuniuzia. Mwenye ploti alisimama mlangoni akasema kwamba jioni dada alikuwa akiwasha zote, hata stima ikiwepo, na watoto wa ploti wanakuja kuchungulia. Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Ndugu yake alikuwa ameacha kiti, labda kwa sababu kilikuwa na mguu mbovu. Kilikuwa kiti kimoja. Chumba kizima kile, kimepambwa kama cha kupokea waheshimiwa, na kiti ni kimoja.

Busia ni mji wa watu wanaopita. Ukiuliza mtu anaishi wapi, hata kama amelala hapa tangu akiwa kijana, atakwambia yuko tu hapa kwa kazi, kwao ni Amukura, kwao ni Port Victoria, kwao ni mbali huko, atajenga. Wakala wa forodha anakaa kwenye nyumba ya kupanga bila pazia kwa sababu atajenga. Mwalimu ameweka vitabu kwenye kartoni kwa sababu atajenga. Tunaishi kama watu walioketi juu ya mizigo yao. Na kwa mwanaume angalau ni kweli, ana kipande chake kwa baba, hata kama ni majani matupu anajua ni chake. Mwanamke anajenga wapi? Ukiolewa, kwenu si kwenu tena. Ukirudi, wanakuuliza umekuja kwa siku ngapi. Dada aliwahi kuwa na mume, dereva wa trela, aliyekuja na kwenda na hakuwahi kufika kwa wazazi wake na mahari yoyote, na siku moja akaenda tu. Hawakupata mtoto. Alikuwa akiniambia, "Wewe uko na huyo wa kulia. Mimi watoto wangu ni hizi stendi, hazinisumbui." Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka, na sasa ninapoandika naona hakukuwa na kitu cha kuchekesha.

Ijumaa mwili ulitolewa mochari kupelekwa kwao Busibwabo, azikwe kesho yake. Sisi wawili, mimi na mama wa ndala, tulibeba gunia la stendi zake na vile vipande vya vioo kwenye bodaboda, mtoto katikati, tukafika jua likiwa bado juu. Nilidhani tumekosea boma. Jeneza halikuwa limepitishwa langoni. Walikuwa wamekata ua upande wa nyuma, wakapitishia pale, na lilikuwa limewekwa chini ya hema la turubai nyuma ya jikoni, karibu na migomba ambako kaburi linachimbwa. Nyumba ya mama yake, nyumba nzuri ya matofali, mlango wazi, ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikamtafuta ndugu yake, yule wa godoro. Nikamuuliza kwa nini mwili haulazwi ndani.

"Dada, karibu, pole kwa safari," akasema. "Hiyo ni mila yetu. Msichana alitoka hapa akaenda kwa mwanaume. Hakulipiwa ng'ombe, hakurudishwa kwa neno. Hawezi kuingia kwa nyumba ya mama, na hawezi kuzikwa mbele."

"Kwani maiti akilala ndani ataiba nini?"

"Wewe ni wa wapi? Umeolewa?"

"Hilo halikuhusu."

"Ndiyo maana unauliza." Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si chuki. Huyu ni dada yangu. Lakini kukitokea mabaya hapa, watoto wangu wakigonjeka, ni wewe utakuja kutibu?"

Nilipiga kelele. Sitawaficha. Nilimwambia mila inayojua kuchukua godoro la mtu na haijui kumlaza ni mila ya wezi. Wazee waligeuza viti wakanipa mgongo. Nilimtazama mama yake dada, kikongwe mdogo aliyekaa kwenye mkeka mlangoni mwa nyumba yake ya matofali, nikingoja aseme neno moja tu, kwa kuwa nyumba ni yake na mtoto ni wake. Alikuwa akiangalia mikono yake. Nikamkasirikia yeye kuliko wote.

Mama wa ndala ndiye mwenye akili. Aliniambia, "Kelele imeisha? Haya, lete majivu." Tukaenda jikoni kwa wanawake waliokuwa wakipika, tukaomba majivu, mimi nikatoa yale malimau mawili ambayo nilikuwa nimembebea mwenyewe, tukaketi chini tukaanza kusugua. Wale wanawake walituangalia, kisha mmoja akauliza hii ni ya nini, mwingine akasema si hii ni ya kukamulia ndimu, na nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, wakadhani nimeshikwa na kitu. Walisugua pamoja nasi. Tulizipanga kuzunguka jeneza kama alivyotufundisha, ndefu nyuma, fupi mbele, zile za peke yake zote pamoja, na vile vipande vya vioo tukavifunga kwa kamba kwenye nguzo za hema. Ndugu yake akaja.

"Sasa hii ni matanga ama ni harusi?"

"Tunapamba nyumba," mama wa ndala akamwambia.

"Nyumba gani? Hiyo ni turubai."

"Leo ndiyo nyumba yake. Sogea, umesimama kwa mlango."

Mishumaa tuliyokuja nayo ilikuwa michache, na upepo ulikuwa unatoka upande wa mashamba. Tuliwasha, ikazima, tukawasha. Mwenye bodaboda alikuwa anapiga honi kwa sababu hataki giza limkute njiani, na mtoto alikuwa amechoka. Tukaondoka tukiiacha ile mishumaa inapepesuka, nikijua kabisa kwamba tukifika barabarani itakuwa imezima, na kwamba yule mwanamke, aliyekuwa akiwasha zote kila jioni hata stima ikiwepo, atalala gizani kwenye nyasi peke yake. Usiku huo sikuwasha yangu.

Asubuhi tulirudi. Niliona hema kutoka mbali na sikulitambua. Upande wa upepo kulikuwa na pazia, pazia la nyumba, la maua ya waridi, limefungwa kwenye kamba za turubai na kushikiliwa chini kwa mawe. Chini ya jeneza kulikuwa na zulia. Kando yake meza ya sebuleni, na juu ya meza vitambaa vyeupe vya kufuma, vile ambavyo kila mama wa huku hutandika kwenye makochi na kutuchapa tukivikalia, vimetandikwa chini ya kila stendi, kimoja kimoja. Picha ya padre, ya kutundika sebuleni, imetundikwa kwenye nguzo karibu na kile kioo cha pikipiki. Stendi zilikuwa zimejaa nta mpaka imemwagika kwenye vitambaa, na ndani ya ile ya buluu iliyovunjika mdomo mshumaa ulikuwa bado unawaka mchana kweupe, mshumaa mnene wa kanisani ambao sisi hatukuja nao. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kochi. Ndiyo, kochi. Alikuwa amelitoa nje. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, nyumba ya matofali ilikuwa tupu kabisa.

Ndugu yake dada alikuwa amesimama pale kofia mkononi. Inaonekana alikuwa ameshauliza, na wazee walikuwa wameshauliza, kwa sababu kikongwe alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia, bila kuinua macho kutoka kwenye mshumaa.

"Mlisema mtoto asiingie kwa nyumba. Nimetii. Kuna mtu alisema nyumba isitoke iende kwa mtoto?"

Wazee waliojua mila yote, nafikiri walikuwa wakitafuta kichwani kama kuna mahali imekatazwa, na hawakupata. Nilikwenda nikaketi naye kwenye kochi. Sikumwomba msamaha kwa vile nilivyomtazama jana yake, hakuwa ameniona, alikuwa na kazi. Aliniuliza kama mimi ndiye mama wa mtoto wa kulia. Nikashtuka. Akasema, "Alikuwa ananiambia kwa simu. Kwamba uko na chumba kizuri sasa."

Tulimzika saa nane kule kando ya migomba, mahali walipotaka wao. Pazia la waridi lilibaki likipepea kwenye turubai mpaka watu wakamaliza kula. Stendi zote nyingine tuligawa kwa wanawake wa jikoni, ile yenye ncha ikagombaniwa. Ya buluu aliichukua mama yake, akaipeleka mwenyewe ndani ya nyumba tupu kabla hajakubali kochi lirudishwe, na nilimwona akiiweka katika dirisha linaloangalia nyuma, upande wa migomba.

Kila wiki hapa nimekuwa nikiwaambia namna ya kupamba kwa kidogo. Leo sina mbinu mpya. Nina hili tu, na nawaambia hasa nyinyi wanawake mlio kwenye chumba cha kupanga mkingojea mume, mkingojea shamba, mkingojea mtu awaambie mko nyumbani sasa. Huenda asije mtu. Kwake yeye hakuja mtu. Tandika pale unapolala leo, weka kitu kinachong'aa, uwashe, hata kama jirani atakuuliza unangojea mgeni gani. Jana jioni stima ilikuwepo na niliwasha ile ya rangi ya chai pamoja na nyingine zote, mbele ya kioo. Zilipendeza sana. Mtoto alizitazama akanyamaza. Nikageuka nimwambie mtu, na chumbani tulikuwa sisi wawili tu.